Presha Niliyoipandisha Mwenyewe

Barani, Malindi
Jumatano, alasiri

Mwanangu Dama,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako Kadzo, na hata kiti ulichokalia hakijapoa nimeshashika kalamu. Salamu za afya tuziruke. Ya kwako nimeimega nusu, na ya kwangu unaijua kuliko daktari.

Kesho saa moja asubuhi unapanda basi la Mombasa, kisha Nairobi, kisha Kitale, mpaka ufike Lodwar kwenye shule uliyopangiwa kufundisha. Jana ulisema, tena ulisema mbele ya shangazi yako ili baadaye nisije nikageuza maneno, kwamba utanipima presha kabla ya kutoka, na ikipita mia na hamsini begi linarudi uvunguni. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Moyoni nilikuwa natafuta pa kujificha, kwa sababu kuna jambo nimekuficha mwaka mzima na linagusa sharti hilo hilo. Nitalisema. Niache kwanza nizunguke kidogo, maana nimejaribu kulianza moja kwa moja mara mbili, na karatasi zote mbili nimezichana.

Maagizo ya kila siku sikuandikii. Nikufundishe nini mimi? Wewe ndiye uliyenionyesha kupanga vidonge kwenye kile kisanduku, vya saa mbili asubuhi huku, vya saa mbili usiku kule. Wewe ndiye uliyemrudishia jirani jagi lake la maji ya balungi, yeye amejisumbua kukamua akidhani linashusha presha, ukamweleza kwa adabu kwamba balungi na dawa zangu haziivi chungu kimoja. Mimi nilikuwa nimeshanyoosha mkono kulipokea.

Nianzie Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi. Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi Jumamosi na mfuko wa chumvi begani? Hapa kwetu chumvi haikununuliwa. Mgeni akiaga alifungiwa. Mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyumba hii itakosa unga lakini chumvi haitakosa, na mimi nilijivuna kama aliyenisifu. Kule mabwawani, mtu akileta chakula kisichokolea tulimcheka mpaka ale kwa kujificha. Nimekwangua chumvi miaka kumi na tisa, juani, nikila chumvi, nikitoka jasho la chumvi. Na kichwa kiliniuma karibu kila siku.

Rafiki yangu Kazungu, yule wa Ngomeni tuliyekuwa naye zamu moja, alisema ni jua. Mimi nilikuwa nangoja mtu aseme ni jua. Mganga wa zahanati ya kule alinipima siku moja, akautazama mkono wangu, akanitazama usoni, akasema, "Mzee Kahindi, presha hii ni ya mtu wa kulazwa." Nikamwambia mashine yake imekula chumvi. Watu walicheka sana, na mimi nikatoka nimeshinda. Nikaendelea kununua vidonge vya maumivu dukani, viwili asubuhi na viwili jioni, kumbe hivyo vidonge navyo vinazitafuna figo kutoka upande wake.

Miguu ilipovimba nilidhani mabuti yamejikunja kwa chumvi. Nikaenda kuomba saizi kubwa zaidi. Nilipewa, nikashukuru, nikarudi kazini. Hivyo ndivyo baba yako alivyoziua figo zake mbili, kwa kubadilisha mabuti.

Nimesimama kidogo nikaenda mpaka mlangoni. Bado hujarudi. Shangazi yako hatakuachia mapema, atakuwa amekaanga kitu.

Sasa nikukumbushe ile siku ya kikao cha familia, kwa sababu nadhani hujawahi kuisikia kutoka upande wangu. Nilikuwa nimeshachoka kufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu siku mbili kila wiki. Baba yako mkubwa Karisa hakufaa kunipa figo, ana sukari. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na minne, umetoka chuo cha ualimu juzi, ukasimama ukasema, "Mimi nitatoa." Nilikataa. Nilikataa mara tatu, kila mtu alisikia. Lakini nikwambie ukweli, Dama, nilikataa kwa mdomo. Ndani nilikuwa nikiomba usinisikilize.

Ndipo Karisa akasema lile neno. Unajua kwetu mtoto akipewa jina la bibi yake, basi ndiye bibi yake. Wewe una jina la mama yangu, na tangu ungali ukibebwa mgongoni nimekuita mama. Karisa akasema, "Huyu ni mama yako, Kahindi. Mama hamnyimi mwanawe." Watu wakacheka, wakapiga makofi, jambo likaisha. Hakuna aliyekuuliza tena. Na mimi niliyekuwa na haki ya kusema ngojeni, huyu ni mtoto wangu, si mama yangu, aulizwe peke yake, ale, alale, aulizwe tena, nilikaa kimya. Najua daktari alikuuliza peke yako kule Nairobi, na najua ulimjibu ndiyo. Hata hivyo ulikuwa umeshapigiwa makofi. Nani angerudi nyumbani akaseme hapana?

Sikulaumu mila. Ni mila nzuri, imetupa mapenzi mengi. Nailaumu namna nilivyojifunika nayo. Maana baada ya upasuaji nilikuwa mtoto kweli. "Mama, sitaki mchicha." "Mama, chakula hiki hakina ladha." Uliweka bamia bila chumvi, nikasusa mpaka usiku. Shangazi yako alinionea haya, mimi sikujionea.

Nilidhani figo mpya ni mwisho wa presha. Nilidhani nimevuliwa ile ya zamani na mambo yake yote. Wiki ya tatu tu, daktari akasema presha imerudi, na kwamba zile dawa zinazoilinda figo isikataliwe na mwili ndizo hizo hizo zinazoipandisha. Nilikasirika, nikamwambia huo ni mchezo wa paka na panya. Akacheka, akasema, "Mzee, figo hii haiuawi na kitu kwa haraka kama presha. Usipoipima huwezi kuijua." Ukachukua wewe ile mashine ya kupimia. Mimi sikuigusa.

Basi kila asubuhi ikawa ni yale yale.

"Baba, miguu chini. Usikunje."

"Nimeshusha."

"Egemea. Na usiongee."

"Sijaongea."

"Unaongea sasa hivi!"

Na mimi nacheka, na wewe unafungua mkanda tuanze upya. Nilizipenda asubuhi zile. Sijawahi kukuambia. Tangu mama yako afe hakuna mtu aliyenishika mkono kila siku mpaka ulipoanza kunipima presha.

Hapo ndipo ubaya ulipoanzia, na sasa nalisema.

Mwaka jana barua yako ya kazi ilipokuja, ile ya kwanza, ulirukaruka uani. Mimi nilikupongeza. Halafu nikaenda chumbani nikakaa, nikahesabu asubuhi zilizobaki. Zilikuwa kumi na moja. Nikaona nitakuwa mtu wa kukaa peke yake na mashine, na ikiandika namba mbaya hakuna wa kuniambia, "Tulia, tupime tena." Niliogopa, Dama. Niliogopa kuliko siku ya kisu.

Nikakuaga kwamba naenda Ngomeni kumtazama Kazungu, mguu unamsumbua. Mguu wa Kazungu ulikuwa mzima. Nilikaa kwake siku nne nikila papa mkavu, yule wa chumvi, asubuhi na jioni, na wali wa nazi uliotiwa chumvi kama zamani. Dawa za kuilinda figo nilimeza kwa saa zake, hizo sikuthubutu kuzichezea. Kidonge cha presha ndicho nilichokuwa nakificha chini ya ulimi, kisha nakwenda kukitema nyuma ya choo. Kazungu aliniona siku ya tatu. Akaniuliza, "We Kahindi, wafanya nini?" Nikamwambia kina uchungu. Nilitaka presha ipande kidogo tu, ifike mahali pa kukutia wasiwasi, kisha nimeze dawa ishuke. Nilidhani naijua chumvi, kazi yangu ya miaka kumi na tisa.

Niliporudi ulinifunga mkanda. Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi. Ukanipima tena, ukanipima mara ya tatu. Ulitoka uani na simu, nikakusikia unasema, "Samahani, sitaweza kuripoti, baba yangu ni mgonjwa." Sauti yako haikutetemeka hata kidogo. Nafasi ile akapewa mwingine.

Na presha haikushuka kama nilivyopanga. Usiku huo kichwa kilitaka kupasuka, macho yakaona ukungu, mkanipeleka hospitali nikalazwa siku tatu. Damu ilipopimwa, daktari alikuita pembeni ya kitanda, akasema figo imepata pigo, imerudi nyuma kidogo, na hatarajii ifike tena ilipokuwa. Ni figo yako hiyo anayoisema. Wewe ukamuuliza, "Daktari, nilikosea wapi?"

Nilikuwa macho. Nilisikia. Nikafumba macho.

Swali hilo halijaniacha. Najikuta nalisikia nikiwa naoga. Uliporudi nyumbani ulilitupa debe la chumvi, ukaanza kuosha mboga mara mbili, ukaandika kwenye karatasi kila nilichokula ili ujue ulikosea wapi. Ukamwambia shangazi yako labda ulichanganya dawa. Mwaka mzima umeitafuta hatia isiyo yako ndani ya jiko lako, na mimi naila ile bamia nikisema, "Ahsante mama, tamu." Wazee walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi nilificha zaidi ya maradhi.

Hukukosea popote. Hukuchanganya dawa. Ni mimi. Laiti ningeweza kuiandika hiyo kwa herufi kubwa kuliko ukurasa.

Kazungu ndiye peke yake aliyeng'amua. Alikuja miezi miwili baadaye, akakutazama unavyopepeta mchele, umekonda, akanivuta nje. Akasema, "Ulikula papa wangu ukamzuia mtoto na kazi yake. Usirudi kwangu mpaka umwambie." Sijarudi. Ulipokuwa ukiniuliza kwa nini siendi tena Ngomeni, nilisema ni uzee.

Nimekwenda tena mlangoni. Nimerudi. Nimekunywa maji. Mkono unataka kuandika upesi, na akili inataka uchelewe kwa shangazi yako.

Najua utajiuliza kama unaweza kuniamini nikiwa peke yangu. Ni haki yako. Sina kiapo cha kukupa. Ninachoweza kukueleza ni kilichobadilika. Miezi mitano sasa, ukishanipima asubuhi na kwenda kufundisha masomo ya ziada, mimi hupima jioni peke yangu. Mara ya kwanza niliufunga mkanda kinyume. Nilijifunza kunyamaza bila ya kuambiwa. Siku niliyokuta mia na arobaini na tisa nilikaa, nikangoja, nikapima tena, nikaandika zote mbili. Lile daftari la jalada la bluu unalodhani ni la hesabu za kanisa, ndilo hilo. Lifungue. Kuna siku nilizoharibu, nimeziandika pia, pamoja na nilichokula.

Kisha nina ombi moja, na hili ni la baba kwa mtoto. Miaka mitatu umenifunga mkanda mkononi kila siku ya Mungu, na sijakuona hata mara moja ukijifunga mwenyewe. Mwezi uliopita nilikuambia, "Jipime na wewe," ukacheka, ukasema wewe ni kijana. Dama, una figo moja. Daktari wa Nairobi alisema upimwe kila mwaka, presha na damu na mkojo, na mwaka wa kwanza tulikwenda, wa pili ulikuwa umeshughulika nami, wa tatu ni huu. Hilo nalo liko shingoni kwangu.

Unakokwenda kuna jua kali. Utaumwa na kichwa, na mtu mwema kabisa atakuambia ni jua, na dukani kutakuwa na vidonge. Mimi nilikuwa na umri wako niliposikia neno hilo mara ya kwanza. Labda kweli litakuwa ni jua. Lakini pima kwanza, kunywa maji, na vile vidonge vya maumivu usivinunue kabla hujamwambia mhudumu wa afya kwamba una figo moja. Na ukimpata mwanamume wa kukaa naye, mwambie mapema kuhusu kovu lako. Kulikuwa na maneno hapa mtaani, nani atamuoa msichana aliyepunguzwa. Niliyasikia nikapita kama sikuyasikia, na ilinipasa nisimame. Yule atakayeona umepunguzwa, mwache apite na yeye.

Sasa nimefika nilipokuwa nikipakimbia tangu alasiri.

Wiki mbili hizi nimekuwa nikiufikiria uongo wa upande wa pili. Najua kufuta namba kwenye mashine. Najua kwamba nikimeza dawa ya asubuhi mapema na kukaa kimya kwa muda mrefu kabla hujaamka, naweza kukutolea namba nzuri ukaondoka umefurahi. Nilishajiambia huo si uongo, huo ni upendo. Mwaka jana nilijiambia vivyo hivyo.

Saa kumi na moja nimepima. Nimekaa dakika tano, nimeegemea, miguu chini, sikuongea na mtu kwa kuwa hakuna mtu. Mia na hamsini na nane kwa tisini na nne. Nimengoja, nimerudia. Mia na hamsini na sita.

Imepita sharti lako. Papa sijamgusa, dawa sijatema. Ni presha ya mtu ambaye mwanawe anaondoka kesho, naye anaandika barua kama hii.

Mimi mwenyewe nimempigia simu nesi wa kliniki. Mara zote ulipiga wewe, hata hakunitambua sauti. Ameniuliza kama kichwa kinauma, kama naona vizuri, kama pumzi iko sawa. Nimemwambia niko sawa. Akasema nimeze ya usiku kwa saa yake, nipime tena asubuhi, na saa tatu niwe mbele yake na daftari langu, huenda daktari akaongeza kipimo cha dawa. Kichwa kikianza kupasuka au pumzi ikikata nisingoje mapambazuko. Halafu akauliza, "Nani atakuleta, mzee? Dama?" Nikamwambia, "Dama ana safari. Nitakuja mwenyewe, na shangazi yake atalala hapa leo." Hilo shangazi yako hajalijua bado, lakini hatakataa.

Sharti lako uliliweka kwa sababu unadhani presha yangu inashikwa na mkono wako. Mwaka jana ilishikwa na uongo wangu. Leo imepanda, na aliyeiona ni mimi, na aliyepiga simu ni mimi. Nakuomba uende, mwanangu. Nakuomba uende hata kama asubuhi itaandika mia na sitini.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuitia chini ya nguo zako, uikute Lodwar, mbali, ambako huwezi kunitazama usoni. Kisha nikaona huo ungekuwa wizi wa pili. Mwaka jana nilikuzuia kwa uongo, na kesho ningekuwa nakusindikiza kwa uongo. Kwa hiyo utaisoma hapa, leo, jua likingali juu, ukiwa bado una nafasi ya kukasirika na kubaki, au kukasirika na kwenda. Ukinipigia kelele nitakaa. Ukinyamaza nitakaa vilevile. Safari hii uulizwe peke yako, na hakuna mtu wa kupiga makofi.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unaaga. Sina muda wa kusoma nilichoandika. Nakupa mkononi.

Baba yako,
Kahindi